Falsafa: uanzie tawi gani?

Ndugu, umeuliza uanze na tawi gani la falsafa, maana epistemolojia na metafizikia zimekuchanganya. Achana na majina kwanza, shika swali linalokusumbua. Ukijiuliza "nimejuaje kwamba hili ni kweli?", tayari uko kwenye epistemolojia. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes, mwaka 1641, alitilia shaka hata milango yake ya fahamu, akabaki na uhakika mmoja: anayeshuku lazima awepo. Metafizikia huuliza ni nini hasa kipo. Falsafa ya maadili, tutende nini. Uzuri na sanaa navyo vina tawi lao. Ila sambamba na swali lako soma mantiki, hata kama wengi huiona kavu (mimi pia ilinichosha mwanzoni). Bila hiyo utachanganya hoja na kelele.