Kiolezo cha kupandikizia meno: mnaoanza, someni hapa kwanza

Kwa madaktari wa meno mnaoanza vipandikizi: mpango ulioupanga kwenye kompyuta si mdomo wa mgonjwa. Kwenye skrini kipandikizi hukaa pale pale ulipokiweka, lakini mdomoni lazima kisogee kidogo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa hata kwa kutumia kiolezo (kifaa cha plastiki kinachovalishwa mdomoni ili kuongoza drili), wastani wa kukosea ni milimita 1.2 pale kipandikizi kinapoingilia, milimita 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 kwenye mwelekeo. Huo ni wastani tu, wapo waliokosea zaidi ya hapo. Ndiyo maana tunaacha angalau milimita 2 kati ya ncha na neva ya taya la chini. Mtu akija kwangu anataka kuzila hizo milimita ili aweke kipandikizi kirefu zaidi, simsikilizi. Aweke kifupi.

Nyuzi 3.5 msizidharau. Kwa kipandikizi cha milimita 10, mwinamo huo peke yake unasogeza ncha kwa milimita 0.6 hivi. Kipete cha chuma, kile cha kwenye kiolezo ambamo drili inapita, kikikaa juu, mbali na mfupa, hali inazidi, kwa sababu drili inasafiri mbali zaidi ikiwa haijashikwa. Na kipete chenyewe hakiibani drili sawasawa. Lazima kiwe na nafasi kidogo ili izunguke.

Kosa huanza kuingia mapema, kabla hata ya sindano ya ganzi. Mgonjwa ametikisika wakati wa picha ya CBCT (eksirei ya pande tatu ya taya). Ana meno yaliyovikwa chuma, picha imejaa michirizi, na programu imelinganisha picha ya mfupa na skani ya mdomo kwa kubahatisha. Mpango uliojengwa juu ya ulinganifu mbovu utachapishwa vizuri kabisa, na kiolezo kitakuja kinang'aa. Kwa hiyo fungueni faili wenyewe, mfuate mstari wa meno kipande kwa kipande. Msimwachie fundi wa maabara.

Sasa njoo kwenye kiti, maana hapa ndipo wengi wanaharakisha. Kiolezo kinachokaa juu ya meno ndicho kinachoaminika zaidi; cha juu ya mfupa ndicho kinachosumbua zaidi. Agizeni chenye vidirisha juu ya vilele vya meno. Kikiwa mdomoni, chungulia kila kidirisha: ukiona mwanya kati ya jino na resini, yaani plastiki ya kiolezo, hata mwembamba kama karatasi, hakijakaa. Kitoe, tafuta kinapogusa. Kibonyeze upande mmoja uone kama upande wa pili unanyanyuka. Mgonjwa asiye na jino hata moja ni habari nyingine: kiolezo kinalala juu ya fizi, na ganzi huivimbisha. Mwache ang'ate kile kipimo cha kung'atia, kinachoonyesha meno ya juu na ya chini yanavyokutana, ufunge kiolezo kwa pini, ndipo uendelee.

Pengo la magego lisilo na jino nyuma yake lina hila zake. Kiolezo kimeshikwa mbele tu, ukikandamiza drili kinapinda chini. Halafu kuna urefu: drili za kiolezo ni ndefu, na mgonjwa asiyeweza kufungua kinywa vizuri atakulazimisha uiingize kwa mshazari. Pima ufunguzi huo siku ya kwanza, kabla hajalipia chochote.

Joto nalo. Mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja tayari unaumia, na kiolezo huziba njia ya maji. Toboa kidogo, toa, mwagia salaini, rudi.

Baada ya drili ya kwanza, ondoa kiolezo, weka pini ya mwelekeo kwenye tundu na upige eksirei. Kiolezo kikikataa kukaa, usikilazimishe: fungua fizi, uuone mfupa, umalize kwa mkono. Ndiyo sababu nashauri kesi zenu za mwanzo ziwe za mkono, penye mfupa mpana, mbali na neva, na msimamizi akiwa pembeni.