Ukisahau kwenye swala usikimbilie kuanza upya

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji usiku, "Shehe, leo Alasiri nimeikata mara tatu, kila nikifika katikati sijui niko rakaa ya tatu au ya nne, naanza tena." Kwanza mimi sio shehe, nimesoma chuoni tu hapa Tanga kama wengine. Nikacheka, halafu kicheko kikaisha maana nimekumbuka yangu.

Siku hiyo imamu kasafiri, Adhuhuri imeingia, watu wanatazamana, mmoja akanisukuma, nenda mbele wewe una sauti. Sauti! Adhuhuri yenyewe inasomwa kimyakimya. Basi rakaa ya pili nikainuka moja kwa moja bila kukaa tahiyatu, nyuma nasikia "Subhanallah! Subhanallah!", nami nishasimama wima kabisa, nikababaika nikarudi chini, nikasoma, nikainuka tena miguu inatetemeka, na mwisho nikatoa salamu bila hata sijda ya kusahau. Mzee mmoja wa safu ya kwanza akasimama, "Hapa hakuna swala, tuanze upya," akaswalisha yeye. Miezi mizima nikawa napita njia ya nyuma nisionane na watu, na watoto wa mtaani washanipa jina, imamu wa kurudia.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye kwa mwalimu wangu. Kwa sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tahiyatu ya kwanza ni sunna sio nguzo, ukishasimama wima hurudi, unaendelea, kisha unasujudu mara mbili kabla ya salamu. Ukirudi kusudi na hukumu unaijua, swala inabatilika. Ila aliyerudi kwa kutojua, kama mimi, haibatiliki, na hizo sijda zenyewe pia ni sunna. Yaani ile swala ilisihi! Safu nzima zimerudia bure na mimi nimeaibika bure. Sahau nyingine zote ninazo, hiyo sijaisahau.

Sasa wewe kijana, ukishuku tatu au nne shika tatu, hiyo ndio yakini, ongeza moja, sujudu mara mbili, toa salamu, kaendelee na shughuli zako. Ukiacha nguzo kama Fatiha au rukuu hapo sijda peke yake haitoshi, lazima rakaa ile uilipe humohumo. Lakini usikate swala. Narudia, usikate swala. Wasiwasi ukiufungulia mlango Alasiri, ikifika Isha uko bombani unatawadha mara ya sita.

Na nyinyi wazee wa safu ya kwanza, muogopeni Mungu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kutoa salamu kwenye rakaa mbili, Abubakar na Umar wapo wanaona haya kumsemesha, swahaba mmoja, Dhul-Yadayni, ndiye akamuuliza, swala imepunguzwa au umesahau? Mtume akakamilisha zilizobaki, akasujudu mara mbili, yakaisha. Na siku nyingine akasema yeye ni binadamu, anasahau kama tunavyosahau, akisahau tumkumbushe. Tumkumbushe, hakusema tumfokee. Sasa mtoto wa watu kateleza mara moja mnamfanya gumzo la baraza?

Wiki iliyopita Alfajiri nikasukumwa tena mbele. Nikasahau kunuti, ile dua ya rakaa ya pili baada ya rukuu, nimekumbuka paji la uso liko chini tayari. Safari hii sikurudi. Nikamaliza tahiyatu, nikapiga sijda zangu mbili taratibu kabisa, nikatoa salamu. Mzee wangu yuleyule alikuwepo. Akanipa mkono, hakusema neno, na mimi sikusema.