Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Ndege, Nane au Kumi?

SWALI: Mhariri, salaam. Naishi Sahare, Tanga. Mdogo wangu anarudi kutoka nje mwezi ujao na nimempa dola 300 aniletee darubini. Nimebaki na mbili kichwani, Nikon Monarch M5 na Vortex Diamondback HD, na kila moja ipo ya 8x42 na ya 10x42. Nazunguka zaidi ufukweni kutazama vitwitwi na sululu, na mara mbili kwa mwaka napanda msitu wa Amani. Nichukue ipi?

JIBU: Amua namba kwanza, jina la kampuni lifuate. Namba ya mbele ni mara ngapi ndege anakuzwa, ya nyuma ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya nyuma kwa ya mbele: 8x42 inakupa duara la mwanga la milimita 5.25 machoni, 10x42 inakupa 4.2. Saa sita mchana ufukweni hutaona tofauti, maana mboni ya jicho imejibana hadi milimita 2 au 3. Ndani ya msitu wa Amani, alfajiri au mawingu yakiwa yamelala juu ya miti, mboni hupanuka na milimita ile moja huonekana.

Cha pili ni upana wa eneo unaloliona. Chozi wa Amani, yule ndege mdogo mnywa nekta, hafiki hata sentimita 10, anakaa juu kabisa kwenye majani, na hatulii. Ukiwa na darubini inayoonyesha eneo jembamba utaona tawi tu, mwenyewe keshaondoka. Kwa umbali wa mita 1,000, Vortex ya 8x42 huonyesha upana wa mita 131 hivi, Nikon ya 8x42 mita 112. Kwenye 10x42 Vortex hushuka hadi 110 na Nikon 98. Soma tena hizo namba: Nikon ya 8 ina upana karibu sawa na Vortex ya 10.

Ufukweni wengi hutamani 10 kwa sababu ndege wako mbali. Lakini mara 10 hukuza pia mtetemo wa mkono na mazigazi yanayopanda kwenye matope jua likiwaka. Dawa ya umbali ni kujua maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa 10 alasiri. Kaa mahali pako kuanzia saa 8: maji yanawasukuma ndege kuja kwako, na jua liko mgongoni ukitazama baharini. Ndege wageni wa kaskazini huwa nasi kuanzia Septemba hadi Aprili, kwa hiyo bamvua za kutosha zipo.

Sasa majina. Nikon ina vioo vya ED, vinavyopunguza ukingo wa zambarau unaomzunguka yangeyange mweupe akiwa kwenye anga kali. Pia nafasi ya jicho (umbali kati ya jicho na lenzi ambapo bado unaona picha nzima) ni milimita 19.5 dhidi ya 17 za Vortex, na mvaa miwani ataifurahia. Vortex huona karibu zaidi, mita 1.5 dhidi ya 2.5, kwa hiyo hata kipepeo aliye mbele ya miguu yako unampata. Uzito ni karibu sawa, gramu 618 na 630. Zote mbili prizimu zake (vioo vya ndani vinavyosimamisha picha) zimepakwa inavyotakiwa na zimezibwa maji yasiingie. Kwa kuwa hukutaja miwani, na Amani iko kwenye ratiba yako, mwagize Vortex ya 8x42. Ukivaa miwani, Nikon ya 8x42. Dhamana ya Vortex inasifika, ila piga hesabu ya kuituma ng'ambo kabla hujaiwekea uzito.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni kijana ninayetembeza wageni Bagamoyo, hasa mashamba ya chumvi ya Nunge. Nimenunua sokoni darubini ndogo ya kukunja iliyoandikwa 30x60. Mbona giza tupu?

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Chukua rula, pima lenzi ya mbele. Kama haifiki hata milimita 25, ile 60 ni urembo. Kisha ielekeze kwenye anga (si kwenye jua), ishike mbali kwa urefu wa mkono, upime duara dogo la mwanga kwenye lenzi ya machoni. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kipenyo cha duara hilo. Lenzi ya 22 na duara la 2.7 ni mara 8, basi. Fanya kipimo hiki kabla hujatoa pesa, na utazame umbo la duara: likiwa limekatwa pembeni kama almasi, prizimu ni za kioo duni au ni ndogo mno.

SWALI: Ndani ya lenzi ya darubini yangu pametokea kitu kama utando wa buibui. Nimefuta kwa khanga haitoki. Naishi Bagamoyo karibu na bahari.

JIBU: Hiyo ni kuvu, dada, na iko upande wa ndani, kwa hiyo khanga inachokufanyia ni kukwaruza upande wa nje tu. Chembe za mchanga na chumvi hukata rangi ya kinga ya kioo. Siku zote puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, pitisha brashi laini, ndipo utumie kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo. Mwili wa nje ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kila utokapo ufukweni.

Kuvu iliyokwisha kuota ni kazi ya fundi wa kamera, na ikikaa muda mrefu hula kioo chenyewe. Kwa darubini za bei nafuu, fundi huwa ghali kuliko nyingine mpya.

Itakayofuata usiifungie kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika, zile chembe zinazofyonza unyevu. Silika ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba unyevu. Ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 kwa saa 2, katika sinia lisilotumika kwa chakula. Mchele hausaidii, unaacha vumbi. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iache ndani ya mfuko dakika 20 kabla ya kuifungua nje, la sivyo itatoka jasho.

SWALI: Nikitazama dakika 10 kichwa kinauma. Darubini ni mpya.

JIBU: Ikunje hadi miduara miwili iwe mmoja. Funga jicho la kulia, chagua maandishi yaliyo mbali, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione safi. Sasa funga la kushoto na usiguse gurudumu. Zungusha pete ya jicho la kulia mpaka maandishi yaleyale yakae safi. Kumbuka alama ilipo. Maumivu yakiendelea, au mlingoti mmoja ukiuona miwili, mirija haiko sambamba. Irudishe dukani ukiwa bado na risiti.