Kabla ya kuwafukuza wafugaji, ulizeni nani aliwapokea

Shoga yangu mmoja aliyeolewa Liwale kanipigia simu juzi saa nne usiku, saa ambazo simu ikiita unajua kuna msiba. Hakukuwa na msiba, kulikuwa na ng'ombe. Kaya sita za Wasukuma zimefika kijijini kwao na mifugo, watoto, kuku kwenye matenga na plau juu ya mkokoteni. Mumewe anataka wafukuzwe kabla ya masika. Yeye mwenyewe ameshaanza kununua maziwa kwao na kuyaficha chini ya kitanda. "Nyie kule Kilwa mlifanyaje?" akaniuliza.

Nilimjibu mpaka salio likakata. Yaliyobaki nayaandika hapa, maana najua si yeye peke yake.

Mimi ni wa kijiji kimoja cha bara, njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, na nimewahi kukaa kipindi kimoja kwenye halmashauri ya kijiji kwa nafasi za wanawake. Kwetu ng'ombe hawakuwepo. Mbung'o walikuwa wengi, na mimi ng'ombe nilimjua kwenye kitabu cha shule kabla ya kumwona akitembea. Mto Rufiji tulikuwa tunavuka kwa pantoni pale Ndundu, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Kisha mwaka 2006 serikali ikaanza kuwaondoa wafugaji kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kule Usangu, Mbeya, ikisema mifugo inaharibu vyanzo vya maji. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu hakuna maji, umeme wa mgao nchi nzima. Mikoa yetu ya Pwani na Lindi ikatajwa kuwa ndiko wapelekwe. Wengi wao hata huko Usangu walikuwa wahamiaji, asili yao Shinyanga na Mwanza. Kwa hiyo yule mzee uliyemwona anashusha magunia chini ya mwembe wenu, huenda hiyo ni mara yake ya tatu kuanza maisha. Hilo halimpi haki ya kulisha ng'ombe kwenye muhogo wako. Ila ukilijua, unaanza mazungumzo kwa sauti nyingine.

Kwetu zilianza kaya nane. Mkutano wa kwanza tulioitisha ulikuwa wa methali tupu. Mjomba wangu alisimama akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana mmoja akamjibu kwamba hawa wamekuja na jembe lao, tena linakokotwa na maksai, wewe ndiye utakayekwenda kuliazima. Watu wakacheka, mjomba akakasirika, na kuanzia hapo hakuna aliyesikiliza tena. Mwingine akatoa mgeni njoo mwenyeji apone, akazomewa. Tukatawanyika jua linazama bila kuamua hata mahali pa kunywesha mifugo.

Basi la kwanza ninalokwambia, shoga: msiruhusu mkutano wa "tunawataka au hatuwataki". Swali hilo ni tamu mdomoni na halina jibu. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri, kwa hiyo kura ya kumfukuza mtu kwa kabila lake haina miguu. Lakini kuishi kijijini ni jambo moja, kupewa ardhi ya kijiji ni jambo jingine. Hapo ndipo kijiji kina nguvu, na hapo ndipo sisi tulipolala.

Usidhani pia kwamba wenyeji watakuwa upande mmoja. Nilipokaa nikawahesabu waliokuwa wanapinga na waliokuwa wanaunga mkono, nilishangaa. Wenye mikorosho walipinga, maana ng'ombe akiingia shambani msimu wa mabibo anakula tunda pamoja na korosho yake. Akina mama wa kisima cha bondeni walipinga kuliko wote. Waliofika kuteka maji alfajiri walikuta tope na mavi, na hakuna hotuba ya umoja wa kitaifa itakayomsafishia mtu ndoo. Wenye ufuta waliwataka, kwa sababu ekari ambayo wewe na wanao mnailima wiki nzima kwa jembe la mkono, plau inaimaliza kwa siku. Wenye maduka waliwataka. Vijana waligawanyika kufuatana na nani ameshapata kibarua. Ndani ya nyumba yetu yenyewe, mjomba alipinga na shangazi yangu akawa anawauzia maandazi. Mkishajua kila mtu anaumia wapi, mambo mengi yanapungua ukubwa. Kisima kina dawa yake, korosho ina dawa yake. "Wasukuma" haina dawa.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ushauri wa mtu asiyekosea mimi siuamini.

Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, bibi yangu na wenzake walihamishwa kutoka walikozaliwa wakaletwa barabarani. Kule nyuma kukabaki mahame: miembe, minazi michache, mabonde ya mpunga yaliyogeuka vichaka. Sisi wajukuu tulikuwa tunakwenda kuokota maembe tu. Alipokuja mzee mmoja wa Kisukuma kuniomba pa kulima, nikaona vichaka vile vimekaa bure. Nikamkodisha ekari kumi kwa misimu miwili. Sikumwambia kaka yangu, sikumwambia mjomba, sikupita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilikuwa mjumbe wa halmashauri, nikajiona najua. Hela nilizipokea mkononi, nikaezeka bati.

Mwezi wa nane mjomba alikwenda kule kukata fito. Alirudi hasemi. Alikaa barazani, akavua viatu, akaviweka pembeni vimeelekea mlangoni, kisha akaniambia: "Mwanangu, ng'ombe wanalala juu ya mama yangu."

Kaburi la mama yake mjomba lilikuwa kule, chini ya mwembe, limezungushiwa mawe. Mawe yalikuwa yamesukumwa, na pale katikati pakawa zizi, kwa sababu ndipo penye kivuli. Yule mzee mfugaji hakujua. Nani angemwambia? Mimi niliyemkodisha sikuwa nimefika kule miaka sita.

Vijana wa ukoo walishanoa mapanga. Nilikwenda kwa yule mzee usiku, peke yangu, nikijua kosa ni langu. Nilipomweleza alishika kichwa. Akaniuliza swali moja tu: alizikwa ameelekea wapi? Asubuhi alihamisha zizi zima kabla hatujafika, akaja na wanawe wawili na mkewe. Mkewe alipofika kwa bibi yangu alipiga magoti mpaka chini, kama desturi yao, akasema shikamoo bibi, na akabaki pale chini mpaka alipoambiwa inuka. Bibi yangu, ambaye tangu wafike alikuwa akiwaita "wale wa kupita", alimshika mkono. Mawe tuliyarudisha pamoja. Mjomba alisoma dua. Hakuzungumza na mimi mpaka korosho zikaisha.

Kwa hiyo usikodishe mahame kwa siri. Pori unaloliona tupu lina watu wake, wengine wako chini. Zungukeni na wazee kabla, mkiwa na kijana mwenye daftari, mweke alama kwenye makaburi, miti ya matambiko, visima vya zamani na mipaka ya koo. Sisi tulifanya baada ya kuchelewa, na ilichukua siku tatu tu.

Lakini jambo lililokipasua kijiji hasa halikuwa kaburi. Lilikuwa karatasi.

Katika mkutano wa tatu, maneno yakiwa yamepamba moto, mtu mmoja akapaza sauti kwamba wageni wameingia kama wezi. Mzee mwingine wa Kisukuma, mpole, ambaye hata sauti yake tulikuwa hatujaisikia, alinyanyuka nyuma kabisa. Akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imepigwa muhuri wa kijiji, imeandikwa jina lake na idadi ya ng'ombe. "Mimi nililipa," akasema. "Nililipia mifugo, nikalipia na eneo. Niliambiwa wananchi mmekubali." Wakanyanyuka na wengine, kila mmoja na karatasi yake. Stakabadhi ya serikali hakuna aliyekuwa nayo.

Ukimya uliopita pale sitausahau. Sote tukageuka kuwaangalia waliokaa meza ya mbele. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Zile hela sikuzigusa, lakini nilikuwa nimesaini mahudhurio ya vikao viwili ambavyo muhtasari wake sikuwahi kusomewa. Ukiuliza kwa nini, nitakwambia kikao kilichelewa kuisha na mtoto alikuwa anaumwa. Kweli tupu, na haisaidii kitu.

Ndiyo maana shoga nakwambia, kabla ya kumuuliza mgeni ametoka wapi, muulizeni alipokewa na nani, alilipa nini, na alipewa karatasi gani. Muulizeni kwa heshima, mkiwa mmekaa, siyo mmebeba marungu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haimruhusu mwenyekiti wala mtendaji kugawa ardhi mezani kwake. Halmashauri inapeleka pendekezo, mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha. Mkutano mkuu ni wewe, mumeo, na kila mkazi aliyefika miaka 18. Ombeni kitabu cha mihutasari kisomwe mbele ya watu, tarehe kwa tarehe. Kama hakuna siku mkutano ulikaa kuidhinisha, basi anayetakiwa kujieleza kwanza yuko meza ya mbele. Kwetu kiongozi mmoja aliondoka kabla kipindi chake hakijaisha. Hela hazikurudi.

Baada ya hapo ndipo tukaweza kuzungumza. Tulitenga njia ya ng'ombe kwenda mtoni, pana kiasi cha kupita kundi bila kugusa shamba, na wafugaji wenyewe wakapanda minyaa pembeni. Kisima cha bondeni kikawa cha watu tu. Kamati ya usuluhishi ya kwanza ilikuwa wanaume watupu, ikafa ndani ya mwezi, kwa sababu waliokuwa wanajua ng'ombe gani wamepita wapi ni wanawake. Ya pili ilikuwa nusu kwa nusu, na mama mmoja wa Kisukuma ndani yake. Sheria yenyewe inalitambua hilo: Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake.

Mazao yakiliwa, msigombane na yule mtoto wa miaka kumi aliyeachiwa ng'ombe mia. Mtafuteni mwenye ng'ombe. Mwiteni afisa ugani wa kata afanye tathmini siku hiyohiyo, nyayo zikiwa bado mbichi, na pande zote mbili ziwepo wakati wa kuhesabu mashina. Ukingoja kesho, mashina kumi yanakuwa arobaini, na mwenye ng'ombe naye anasema walikuwa nguruwe pori. Na mtu yeyote asimkate ng'ombe panga. Kilosa, Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Mtoto wako akicheza na wao shuleni, mwache. Haya mengine ya lugha na ngoma yanajimaliza yenyewe, usipoteze kikao.

Wala sitakudanganya kwamba sasa kwetu ni peponi. Zile kaya nane zimeita ndugu zao, na ndugu wameita ndugu. Misitu imekatwa kwa ajili ya ufuta, na waliokata si wageni peke yao, wenyeji tumekodi plau na tumekata pia. Kila kiangazi kuna kesi mbili tatu za muhogo kuliwa usiku, nyingine za kweli. Mwenyeji anayelalamika msimwite mkabila kabla hamjakwenda kuliona shamba lake. Mjomba mpaka leo maziwa yao hanywi, anasema yananuka moshi. Lakini mwaka juzi alipougua, aliyempakia kwenye mkokoteni wa maksai mpaka barabara ya lami ni mtoto wa yule mzee wa zizi, na kesho yake mjomba aliniagiza nimpelekee debe la mpunga, nisiseme limetoka kwa nani.

Shoga alinitumia ujumbe leo asubuhi. Anasema mkutano wao ni Ijumaa baada ya swala, na ameshauliza lile swali la nani aliwapokea. Aliliuliza kisimani, kwa sauti, akina mama wote wakisikia. Hakuna aliyejibu. Ila mmoja akasema kwani hamjaona, mtendaji kafyatua tofali za nyumba nzima, na msimu wa korosho bado.

Nimemwambia aende na daftari na kalamu mbili.