Faida juu ya damu ya mshirika? Hapana

Ndugu, umeuliza kosa liko wapi Marekani ikidai faida kwa silaha ilizoipa Ukraine. Kurudishiwa gharama sikatai. Kinachoniuma ni kumwekea mtu mkataba mezani huku mabomu yanamwangukia. Hapo atakataaje?

Tazama Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Septemba 1940 ilipewa na Marekani manowari 50 kuukuu, ikatoa ardhi ya kambi za kijeshi kwa miaka 99, nyingi zikiwa visiwa vya Karibi ambako wenyeji hawakuulizwa lolote. Machi 1941 ikaja sheria ya Marekani ya Lend-Lease, yaani kukopesha na kukodisha: chukua silaha, tutaelewana baadaye. Huo ndio ulikuwa ushirika. Lakini 1945 vita vilipokwisha tu, msaada ukakatwa ghafla. Mwaka uliofuata London ikakopa kwa Marekani dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2, na ikamaliza kulipa Desemba 2006!

Mkataba wa madini kati ya Marekani na Ukraine wa Aprili 2025 angalau haukuihesabu misaada ya nyuma kuwa deni. Afadhali.

Na sisi wa Nairobi tunalijua hili. Pita Kenyatta Avenue uzitazame zile sanamu tatu za shaba. Mmoja si askari, ni mpagazi, mbeba mizigo wa jeshi la Waingereza. Wapagazi walikufa kwa maelfu, hasa kwa maradhi, katika vita vya 1914 hadi 1918 ambavyo si wao waliovianzisha, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Mwenye nguvu alishinda, akabaki na ardhi yetu pia.