Hesabu ipi chuoni? Kwa wanaoanza koleji Texas

Agosti ikikaribia tu, simu zinaanza. Shemeji wa mtu kafika Houston, binti wa jirani kapata nafasi koleji ya Dallas, kaka aliyemaliza HGL (Historia, Jiografia na Lugha, kidato cha sita) huko Tanzania miaka hiyo sasa anataka kusomea uuguzi. Swali lao ni lile lile: "Nasikia kuna mtihani wa hesabu. Nikifeli je?" Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha kuwasaidia wanafunzi hesabu katika koleji moja ya miaka miwili hapa Texas, na madarasa ya maandalizi nimeyapitia mwenyewe. Jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia mpigaji, basi nimeona niliandike.

Mtihani wenyewe unaitwa TSIA2. Haumrudishi mtu nyumbani, unampangia darasa tu. Sehemu ya hesabu ina maswali 20. Ukipata 950 au zaidi, umepita. Ukipungukiwa, kompyuta inakupeleka kwenye maswali mengine 48 ya kupima ulipo, na huko ukifika ngazi ya 6 huku alama yako ya kwanza ikiwa 910 hadi 949, nayo inahesabika umepita. Mtihani huu hauna kikomo cha muda. Watu wetu tumezoea mitihani ya saa tatu na msimamizi anayetangaza dakika zilizobaki, tunaingia mle na kukimbia bila kukimbizwa. Usikimbie. Swali ukishalijibu hulirudii, kwa hiyo limalize hapo hapo. Na kabla ya mtihani kuna zoezi la lazima lenye maswali ya mfano. Wengi wanabofya wapite. Wewe lifanye kweli kweli.

Lakini kabla hujafungua hata daftari, jua kitu kimoja: kozi unayotaka inadai hesabu ipi? Hapa ndipo watu wanapopotezewa miaka.

Zamani njia ilikuwa moja kwa wote. Ukianguka mtihani unaanzia hesabu za msingi, unapanda aljebra ya kwanza, kisha ya kati, ndipo ufike aljebra ya chuo, hata kama unasomea ualimu wa chekechea. Kila ngazi ni muhula mzima na ada yake, na hakuna hata krediti moja, yaani vile vipimo vya masomo vinavyojumlishwa kufikia shahada, inayoingia kwenye shahada. Thomas Bailey na wenzake wa Columbia University walichapisha mwaka 2010 utafiti ulioonyesha kwamba katika wanafunzi waliopangiwa ngazi hizo za hesabu, ni kama theluthi moja tu waliomaliza ngazi zote. Wengi hawakuanguka darasani. Walimaliza ngazi moja wakapumzika, muhula uliofuata zamu za kazi zikabadilika, mtoto akazaliwa, basi, imetoka hiyo.

Ndiyo maana mambo yakageuzwa. Kituo cha Dana cha University of Texas at Austin kilianza mwaka 2012, pamoja na koleji za jimbo hili, kutenganisha njia za hesabu kulingana na fani. Kisha mwaka 2017 bunge la Texas likapitisha sheria ya kuwaingiza wanafunzi moja kwa moja kwenye somo la chuo lenye krediti, huku wakisoma darasa la msaada sambamba nalo, muhula huo huo. Tennessee walikuwa wametangulia mwaka 2015, na California nao walipitisha sheria ya kuelekea huko huko mwaka 2017.

Kwa hapa, njia zenyewe ziko hivi. MATH 1342 ni takwimu, nayo ndiyo inayodaiwa na shahada nyingi za uuguzi, saikolojia na ustawi wa jamii. MATH 1332 ni hesabu za maisha: riba, mikopo, uwezekano, kusoma grafu za magazetini, inawafaa watu wa sanaa, historia, lugha. Biashara wana yao, MATH 1324, na mara nyingi inafuatiwa na 1325. Anayetaka uhandisi, kompyuta au sayansi yenyewe hana njia ya mkato: aljebra ya chuo, 1314 au 1414, kisha 2412, ndipo kalkulasi, 2413.

Sasa angalia yule kaka wa HGL. Hesabu mara ya mwisho aliiona kidato cha nne, na hataki kukumbushwa matokeo. Mshauri wa masomo mwenye haraka atamwandikia aljebra ya chuo kwa sababu "inakubalika kila mahali". Ni kweli inakubalika. Lakini kama chuo anachotaka kuhamia kinadai takwimu kwa wauguzi, atasoma aljebra, atahangaika nayo, kisha atasoma takwimu vile vile. Nimekaa na watu wa aina yake mezani. Unampa swali: wastani wa darasa ni 70, mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani) ni 8, wewe umepata 86, uko wapi? Anatoa 70 kwenye 86, anapata 16, anagawanya kwa 8, anapata 2: yuko michepuko miwili juu ya wastani. Hesabu hiyo haimsumbui. Kinachomsumbua ni Kiingereza cha swali, "angalau", "isiyozidi", "zaidi ya", na hicho tunaweza kukifanyia kazi kwa wiki chache. Mpe huyo huyo kugawanya polinomia, utamwona anatazama mlango.

Si maneno yangu matupu. Huko New York, City University walifanya jaribio mwaka 2013: wanafunzi waliohitaji aljebra ya msingi walipangwa kwa bahati nasibu, wengine aljebra hiyo, wengine takwimu za chuo pamoja na saa za msaada kila wiki. Waliofaulu takwimu walikuwa asilimia 56. Waliofaulu aljebra, 39. Ni wanafunzi wa uwezo ule ule, na somo lililodhaniwa gumu ndilo walilofaulu zaidi.

Tahadhari moja, na naisema kwa sauti. Usichague takwimu kwa sababu umesikia ni rahisi, wakati moyoni unataka kompyuta. Kijana akimaliza 1342 kisha akageukia uhandisi, anaanzia 1314 kama vile hajasoma kitu. Kama bado hujajua unachotaka, na kuna uwezekano wa kwenda sayansi, vumilia aljebra.

Darasa la msaada lenyewe ni zuri kuliko sifa zake. Mara nyingi linafuata hapo hapo baada ya somo kuu, na kwenye koleji nyingi mwalimu ni yule yule. Kesho mkifundishwa mstari wa rejeshi (mstari unaopita katikati ya nukta za takwimu kuonyesha mwelekeo wake), leo mnarudia kuchora mstari wa kawaida: mteremko, sehemu unapokata mhimili. Unajifunza kile utakachokitumia kesho yake. Gharama yake ni muda. Hesabu peke yake inakula saa tano au sita za darasani kwa wiki kabla ya kazi za nyumbani. Ukiwa na zamu za usiku kule kwenye ghala au unatunza wazee mwisho wa wiki, usibebe masomo manne muhula huo. Chukua hilo na jingine moja jepesi. Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hawana uhuru huo, maana lazima wawe na krediti 12 kwa muhula, kwa hiyo wapange masomo mengine kwa akili. Kwa wanaopata Pell Grant, msaada wa ada wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo: serikali hiyo hailipii zaidi ya krediti 30 za maandalizi, na madarasa haya yanahesabiwa humo.

Kuna vitu vidogo vinavyowaangusha watu wetu ambavyo mwalimu wa hapa hawezi kuviona. Sisi tuliimbishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hapa wana PEMDAS, kifupi chao cha Kiingereza cha mpangilio huo huo, inayotaja kuzidisha kabla ya kugawanya. Chukua 24 ÷ 4 × 2. Mtu wa MAGAZIJUTO anapata 12, sawasawa. Aliyekariri herufi za PEMDAS anazidisha kwanza, anapata 3. Usicheke bado. Chukua 10 − 4 + 3. Wa kwetu anaanza na jumlisha, 4 na 3 ni 7, 10 toa 7, anaandika 3. Jibu ni 9. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, unakwenda kutoka kushoto; kujumlisha na kutoa vivyo hivyo. Ukirekebisha hilo moja unaokoa alama nyingi.

Wenzetu waliosoma Kongo kwa Kifaransa wana balaa la mkato. Wanaandika 3,5 kwenye zoezi la kompyuta, na programu inasoma majibu mawili, 3 na 5, inaweka alama nyekundu. Mama mmoja alikuwa karibu kuacha somo kwa ajili hiyo, na kila hesabu kwenye daftari lake ilikuwa sahihi. Futi na inchi nazo zikariri tu, inchi 12 kwa futi, futi 3 kwa yadi. Hazina mantiki, usizitafutie.

Ukienda kwa mshauri wa masomo, nenda na karatasi ya mpango wa shahada ya chuo unachotaka kuhamia, si ya koleji yako peke yake. Mwonyeshe mstari wa hesabu kwa kidole. Na kama umeshaandikishwa somo lisilo lako, una nafasi bado: kwenye muhula mrefu, idadi rasmi ya wanafunzi walioandikishwa inafungwa siku ya 12 ya masomo. Ukitoka kabla ya hapo, somo haliingii kwenye rekodi yako, wala halihesabiwi katika yale sita ambayo Texas inakuruhusu kuyaacha katika shahada yako nzima. Ila kumbuka kutoka kwenye yote mawili, somo kuu na lile la msaada, na kuingia kwenye jozi mpya siku hiyo hiyo, maana nafasi hujaa.