Kabla ya Rangi, Mtupe Majini

Juzi kijana mmoja kaniletea bata bandia wake wa kwanza, yule wa mbao tunayemwelesha majini ili bata mwitu wavutike na kushuka karibu na mwindaji. Jicho la kioo, manyoya ya bawa yamechorwa moja moja. Nikamuuliza, umemjaribu majini? Akasema bado, anasubiri rangi ikauke. Huyo ni wa tatu msimu huu! Vijana wangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Someni haya kabla hamjashika tena brashi.

1. Mbao iwe kavu kabisa, la sivyo mwili utapasuka. Mwerezi ni mwepesi na hauozi upesi. Kichwa kichonge peke yake, nyuzi za mbao zielekee mdomoni. Zikiukata mdomo, utavunjika siku ya kwanza mfuko ukianguka.

2. Uzito. Msimu wangu wa pili nilichonga bata 12, kazi ya miezi. Risasi, yaani vipande vya ile metali nzito, nilizipigilia palepale mezani kwenye mkuku, ule ubao wa chini ya tumbo, kwa kukadiria kwa macho. Mzee aliyenifundisha kuchonga alikuwa hawezi tena kutembea vizuri, nami nilitaka sana aione kazi yangu, basi nikambeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi. Kulipopambazuka upepo ukaanza. Wanne wakalala ubavu. Watatu wakapinduka, matumbo juu. Kundi la bata mwitu likaja kutoka upande wa jua, likashuka, miguu tayari imenyooshwa, halafu likapaa ghafla na halikurudi. Mzee hakunigombeza. Alitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi, akamtoa mmoja, akapitisha kidole kwenye mkuku mpaka kwenye risasi. Ilikuwa imekaa kando ya mstari wa katikati, upana wa kidole tu. Akanipa yule bata, akageuka kutazama maji. Msimu uliofuata hakuwapo duniani, na asubuhi ile ndiyo ya mwisho niliyokaa naye mafichoni. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo ifunge risasi kwa mpira kwanza, mweke bata kwenye beseni, isogeze mpaka akae sawa. Kisha mtupe chali. Asipojigeuza mwenyewe, hajawa tayari, hata awe mzuri namna gani.

3. Rangi isiyong'aa. Mwili uliolowa ukimeta juani, bata wanauona kutoka mbali.

4. Mkao. Bata wapiga mbizi hukaa chini majini, mkia karibu na maji. Wale wanaokula juujuu huelea juu zaidi, mkia umeinuka. Msichonge vichwa vyote vimenyooka: kundi la shingo ndefu ni kundi lenye hofu. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, Nevada, Marekani, walipatikana bata bandia 11 wa matete, wa takriban miaka 2000 iliyopita. Ni mafungu ya matete yaliyofungwa, baadhi yakapakwa rangi na kuvikwa manyoya, na hadi leo ukiwatazama unajua ni bata wa aina gani. Umbo ndilo lililofanya kazi hiyo.

5. Ukichagua kazi ya mwingine, mweke chini, rudi nyuma hatua 30, umtazame. Halafu mshike kichwa umtikise. Shingo ikicheza, mwache.

Wewe wa jicho la kioo, njoo kesho asubuhi na bata wako. Beseni nimeshalijaza maji.